Zamu ya Usiku

Julai, Nkuhungu. Upepo unatoka upande wa Bahi
na kisu mfukoni.
Alfajiri ndoo inauma vidole,
na mama, ambaye magoti yake yamegoma tangu mwaka juzi,
anasema ataoga kesho.
Kesho anasema kesho.
Mkaa umepanda tena; debe halivuki Jumatano.
Nikimwambia nitakuchemshia, ananijibu:
"Chemsha uji wa watoto. Mimi si mchicha."

Basi nikatazama juu.
Sisi wa huku tunalitukana jua mwaka mzima:
limekausha uwele, limepasua midomo,
limekunywa lambo ng'ombe wakiangalia.
Sikuwahi kulidai kitu.

Uani palikuwa na friji bovu, la duka la shemeji.
Nikaling'oa mgongoni lile bomba jembamba
lililojikunja kama utumbo wa mbuzi
(limepoza soda za harusi ngapi!),
nikalilaza juu ya bati ndani ya sanduku la mbao,
nikalipaka rangi nyeusi iliyobaki kwenye geti la mchungaji.
Chini yake maganda ya karanga, magunia mawili,
joto lisipate pa kutorokea.
Juu, kioo cha mlango wa ofisi iliyobomolewa,
bado kimeandikwa SUKUMA.

Masima akachungulia juu ya ukuta:
"Jeneza la nani hilo?"
"La mkaa," nikasema.
Nilijisifu mapema.

Pipa nililiweka chini, kwa sababu chini ni rahisi.
Saa nane mchana sanduku linatokota,
pipa limenuna, baridi vilevile.
Sechelela akarudi shule, kidato cha pili,
akatazama, hata mkoba hakuvua:
"Baba, moto haushuki ngazi. Pandisha pipa."

Tukapandisha, mimi, yeye, na Masima aliyekuja kucheka.
Kesho yake maji yakaanza safari yenyewe,
bila pampu, bila umeme,
ya baridi yakishuka, ya moto yakipanda,
kama wanawake kisimani:
mmoja anatua, mwenzake anajitwika.

Lakini usiku wa Dodoma una mikono mirefu.
Alfajiri nilichovya kidole:
uvuguvugu wa chai iliyosahauliwa.
Nikashuka ngazi kimya.

Mama alinisikia nikishuka. Hakuuliza.
Akafungua sanduku lake la bati,
akatoa koti.
Koti la baba, la kijani, zito,
vifungo vitatu, cha nne hakipo,
alilovaa miaka ishirini na mitatu akilinda mabehewa stesheni,
akirudi asubuhi na harufu ya chuma na umande.
Tangu tumzike sikuwahi kuliona hata likianikwa.
"Livishe," akasema.

Nikalivisha pipa.
Nikafunga vifungo vitatu, pa nne nikapiga waya.
Mikono nikaizungusha mbele, ikakumbatia.

Asubuhi bomba likakohoa, likatema kutu,
kisha yakaja.
Mama akafunga mlango wa bafu.
Nikasikia kopo, kopo tena,
mvuke ukachungulia juu ya mabati,
akakaa humo mpaka Masima akaanza kukohoa
akitafuta namna ya kuuliza.
Tunaambiwa maji ya moto hayachomi nyumba.
Juu ya magoti hatukuambiwa kitu.

Alitoka na kanga mbili, shingo inang'aa mafuta,
akaangalia paani, lile umbo lililoinama,
lenye mabega.
"Bado yuko zamu," akasema,
akaomba kiti kisogezwe juani.

Najua, chumvi ya maji yetu itakula bomba.
Kioo kitapata mpira wa watoto.
Mgao wa Ijumaa usipokuja, pipa litalala na njaa.
Hayo nitayachomelea yakifika.
Oktoba joto litarudi, watu wataoga maji ya mtungi,
Masima ataniuliza koti linafanya nini huko juu.
Mvua zikija
nitalifunika nailoni.