Moja kwa Ishirini na Nne

Meza yangu iko jikoni, kando ya dirisha
linalotazama gereji za ghorofa yetu, Bielsko.
Bożena akiandaa chakula, husogeza sahani kwa kiwiko
zisiguse milango inayokauka.
Miaka arobaini na mmoja ya ndoa, na bado huuliza
kama ile harufu ni supu au ni gundi.

Nilianza nikiwa na miaka tisa.
Mjomba Ludwik alirudi kutoka Vienna na sanduku
lenye picha ya gari jekundu likikata kona.
Ndani hamkuwa na gari.
Mlikuwa na vipande vya plastiki, vimeshikana
kama mtungo wa samaki,
na taa moja ya mbele haikuwemo.
Niliichonga kutoka kifungo cha shati la baba.
Jumapili akaenda kanisani shingo wazi.
Hakuuliza.

Tangu hapo nimejifunza
kwamba rangi haipakwi, hubembelezwa:
tabaka jembamba, usiku mzima wa kungoja,
msasa na maji, tabaka jingine.
Kwamba kipande kikiponyoka kwenye kibano
dunia yote huwa zulia.

Gari zuri kila mtu ataliweza.
Mimi hutafuta ubaya wake.
Majirani huniletea picha za magari yao
yaliyokwisha kufa:
Bibi Genowefa na lake la bluu, mlango mmoja kijani
kwa kuwa marehemu aliuokota kwenye vyuma chakavu.
Bwana Sylwester Pyka alitaka
alama ya sigara kwenye kiti cha nyuma.
Hakusema sigara ya nani.
Niliichoma kwa ncha ya sindano ya moto;
akaitazama muda mrefu
kuliko alivyolitazama gari.
Kutu naipika mwenyewe: chaki ya kahawia,
nyuzi za chuma zilizooza ndani ya siki.

Baba alikuwa akilipia gari.
Kila mwezi, dirisha la tatu, kijitabu cha mihuri.
Gari dogo, watu wanne kwa kubanana.
Mama alitaka la manjano.
Baba alisema rangi yoyote, mradi magurudumu manne.
Alikwisha kununua spana na kitambaa cha kufutia vioo.
Akasubiri, akastahimili.
Mbivu hazikufika.
Serikali ikabadilika, fedha ikageuka karatasi,
kijitabu kikabaki kwenye droo
pamoja na kile kitambaa
kilichokunjwa mara nne, hakijawahi kulowa.

Majira haya ya baridi, nina sitini na sita,
nimeanza gari la baba.
Injini ilikuwa rahisi. Rangi ni manjano, ya mama.
Kisha nikashika sindano, nikashika chaki,
mkono ukakataa.
Kutu niiweke wapi?
Ni ubavu upi ningeukwaruza kwenye nguzo ya gereji
nikijifunza kurudi nyuma?
Nani angemwaga maziwa kwenye kiti,
mimi au dada yangu Urszula?
Magari mia tatu kabatini,
yote nayajua yalikoumia.
Hili tu linang'aa,
jipya kabisa, kama uongo.

Jana Bożena aliweka kijiko chini,
akavaa miwani yangu, akainama.
"Linakwenda?"
Kabla sijajibu akalisukuma kwa kidole.
Likapita kando ya mkate, likaruka makombo,
likagonga bakuli la sukari.

Nikachukua kioo cha kukuzia.
Kwenye bampa, upande wa kulia,
rangi imebanduka, punje ya ufuta na nusu.
Nimeiosha brashi. Pale sipagusi.

"Baba yako," akasema Bożena,
akirudi kwenye supu yake,
"angelilaumu bakuli."