Saa ya Hezroni

Tumekutana wanne, Majengo, nyuma ya soko,
mishikaki inapoa kwenye sinia,
na kila mmoja kaja na Hezroni wake.

Mbaruku anasema sweta lake lilikuwa la kijani.
Sechelela anakataa: la bluu,
mkono mmoja ulifumuka, mama yake akaurudishia kwa uzi mwekundu
maana ule wa bluu ulikwisha madukani Bahi
na treni ya kuleta mwingine haikuwa na haraka.
Yaredi hakumbuki sweta. Anakumbuka macho,
umanjano wake,
na jina tulilompa kwa ajili ya macho hayo: Chemli.
Chemli, njoo. Chemli, tumulikie.
Naye aliitika. Hilo ndilo linaloniuma sasa,
kwamba aliitika akicheka.

Hatukujua. Bahi ya mwaka ule
mundu tulioujua ni mmoja, wa kuvunia mpunga;
nani angetuambia kuna mundu mwingine,
mdogo, mwembamba, usioonekana,
unaomvuna mtu kutoka ndani?

Hakukimbia hata siku moja.
Mwalimu Ndulinde alimweka juu ya jiwe, mwisho wa uwanja,
na ile saa ya marehemu baba yake, ya watu wa reli,
kubwa, ya mnyororo,
akaifunika kwa kiganja kama mtu aliyeshika kifaranga.
Tulitimua vumbi, tukamwangukia miguuni tukihema:
Ngapi? Ngapi?
Naye hutazama kiganjani, hukunja uso, hutaja.
Neno lake halikatiwi rufaa.

Mwezi wa saba, kipupwe, upepo wa kukata masikio.
Alizidiwa usiku, tukiwa darasani tunajisomea.
Wakamtoa kwa baiskeli,
mwalimu mbele, Mbaruku nyuma akimshikilia kiuno.
Kufika relini, treni ya mizigo imesimama,
kichwa hakionekani, mkia hauonekani,
na zahanati iko ng'ambo, taa yake
inachungulia katikati ya magurudumu.

"Aliniambia nihesabu mabehewa," anasema Mbaruku.
"Yalipoanza kutembea nikahesabu. Arobaini na mawili."
Anaokota mshikaki, anaurudisha.
"Tungeweza kupita chini."
Hakuna anayemjibu.
Miaka ishirini na sita hakuna aliyemjibu.

Siku ya mazishi mchungaji alisoma jina,
Hezroni Mnyamagola Chidumizi,
na nusu ya darasa tukageukiana: huyo nani?

Ndipo Yaredi, ambaye hanywi na kwa kawaida hasemi,
anatoa jambo alilolinyamazia tangu kidato cha pili.
Ile saa ilikuwa haitembei.
Alipewa aishike mara moja, Hezroni akaenda kunywa maji;
akaitazama: mishale imeganda saa nne kasorobo.
Ilikufa kabla ya baba mtu.
"Alikuwa anahesabu kimoyomoyo," anasema.

Kimoyomoyo.
Nalirudia neno hilo ulimini,
nalisikia linavyodunda mara mbili.

Sechelela ni muuguzi, hospitali ya mkoa.
Anajua moyo wa mgonjwa wa namna ile
hukimbia hata mwenyewe akiwa amekaa.
Anafuta vidole kwa kipande cha gazeti,
kimoja kimoja, muda mrefu.
"Kwa hiyo zile sekunde kumi na tano zangu?
Nazimringishia binti yangu mpaka leo."
"Zako hizo," anasema Yaredi. "Alikupa yeye."

Anacheka, halafu si kicheko tena.

Nje, upepo unasukuma kopo tupu barabarani,
linakwenda, linasimama, linakwenda.
Mwenye banda ameanza kupandisha viti mezani.
Tunagombania kulipa kama watu wenye fedha.
Mbaruku ametangulia mlangoni, katupa mgongo,
midomo inamchezacheza;
sijui anaomba, sijui anahesabu.