Namba ya Injini

Imeshuka stesheni Alhamisi usiku,
imeviringishwa sandarusi na kamba ya katani.
Karani akauliza, "Mzigo gani huu, mwalimu?"
Nikasema, injini.
Akaandika: *Chuma, kimoja.*

Toroli la Mihayo likaileta hadi Isevya,
gurudumu likilia njia nzima kama mbuzi wa mnadani.

Leo Jumamosi. Nguzo tatu za mninga,
masalia ya bani la tumbaku la mjomba,
tumezisimamisha juu ya Korola ya marehemu baba,
tukazifunga vichwa, mnyororo katikati.
Mama Nzigo amechungulia juu ya ukuta:
"Mnachinja ng'ombe?"
Karibu, jirani. Njoo na kisu.

Mtaka cha uvunguni sharti ainame.
Nimeinama. Nimelala chali kabisa
juu ya gunia la mkaa,
na bolti ya nyuma ya gia boksi, namba kumi na saba,
bado inanicheka.
Baba aliikaza mwenyewe, mwaka wa Elinino.
Alikuwa akikaza vitu kama mtu asiyetarajia kurudi.
Nimeimwagia mafuta ya taa, nimegonga, nimeomba,
nimetukana kwa Kinyamwezi, lugha ambayo siku hizi
naitumia kwenye matusi na mazishi tu.
Ndipo ikalegea, robo mzunguko,
kutu ikanidondokea jichoni.

Vuta, Mihayo. Taratibu. Vuta.

Ile ya zamani ikapanda ikining'inia,
ikichuruzika oili nyeusi
kwenye mchanga alioufagia mama alfajiri.
Mwaka mzima imekula oili kuliko petroli,
ikitutangulizia moshi kila tuendako.
Watu husema injini ni moyo wa gari.
Mimi nimeikumbatia ikiyumba, nikaiongoza kwa paja,
nasema ni gego:
hulikumbuki hadi liume,
na likishang'olewa
ulimi hauachi kulitafuta shimo.

Mama amekuja na chai, akaegemea boneti, akatazama ndani.
"Kumbe chini yake kulikuwa na ardhi."
Kwenye mapezi ya rejeta mabawa ya nyuki,
nyuki wa Sikonge, wa safari za asali,
wamekauka pale miaka sita baada ya dereva wao.
Nilishika brashi.
Nikaiweka chini.

Hii mpya ina kibandiko ubavuni,
maandishi ya Kijapani, sielewi ila tarakimu:
elfu themanini na mbili, mwezi wa tatu, tarehe tisa.
Nani huyu, aliyehesabu oili yake
kwa mwandiko mzuri hivi,
na sasa anatembelea nini?

Saa kumi tumeiketisha. Waya mbili zimebaki,
moja nyekundu, moja haina rangi tena.
Nikazungusha ufunguo: kikohozi.
Nikazungusha tena: kimya, mpaka Mihayo akavua kofia.
Mara ya tatu
kuku wa Mama Nzigo waliruka ukuta.

Jumatatu nitakwenda ofisi ya mapato na kadi ya gari,
nitajaza fomu. Namba ya injini ya zamani.
Namba ya injini mpya. Sababu ya kubadili,
na hapo wameacha mstari mmoja wa nukta.

Vijana wa chuma chakavu walishanusa, wakaja na mizani.
Mama akawafukuza kwa ufagio.
Ameitaka karibu na jiko la nje;
ametandika kanga juu ya kifuniko cha vali,
amekaa, anachambua mchicha.

Miaka yote alikuwa akiisikia
tangu kona ya kanisa la Moraviani,
akainuka, akabandika maji ya ugali,
na baba akifika lango hufunguka yanachemka.

Jioni nimeijaribu hadi kona ile na kurudi.
Inavuta vizuri. Haitetemi. Haina moshi.
Nimepiga honi langoni mara mbili.
Jiko lilikuwa baridi.
Mama aliinua uso kutoka kwenye sinia la mchicha,
"Ni wewe?" akasema.
"Nilidhani wageni."