Kifungu cha Kumi na Tisa

Nimezichapa kanuni hizi miaka kumi na mmoja,
kwanza kwa kibodi iliyong'oka herufi h,
hata "hati" ikawa "ati",
na mkuu wa idara akatia sahihi bila kusoma.

*Mwombaji awe na shahada ya kwanza.
Mwombaji alete vyeti halisi na picha mbili.*
Sikuwahi kujiuliza mwombaji analala wapi.
Lilikuwa neno tu, kama "rejea", kama "kikao".

Mpaka usiku mmoja kule Makorora
binti yangu Mwanakheri, yuko juu ya mbuzi anakuna nazi,
akasema bila kuinua kichwa:
"Mfinyanzi, mama, hulia gaeni."

Nikaijaza fomu ambayo nimewajazia wengine mia.
Mpiga picha wa Barabara ya Tatu akanikanya nisitabasamu,
hii ya chuo, si ya arusi.
Bwana Semng'indo akanidhamini kwa barua:
*mwaminifu, mwepesi wa kutafuta mafaili.*
Kanuni inataka wastani wa mbili nukta saba,
wangu ni mbili nukta saba.
Sijapata kuipenda nukta kama ile.

Darasani, jioni, vijana wakanifanya kamusi.
"Bi Mwatime, hapa wanasema
atakayeshindwa atarudia mtihani mara moja.
Mara moja, yaani isiwe mbili?
Au mara moja, papo hapo?"
Nikacheka. Niliichapa mwenyewe,
na sijui.

Kisha Jumamosi, Usimamizi wa Rasilimali Watu, saa tatu kamili.
Saa mbili u nusu nimeshika kalamu, kitambulisho,
chupa ya maji iliyobanduliwa karatasi kama inavyoagizwa.
Simu ikalia.
Karatasi za mahudhurio hazionekani,
nani mwingine anajua zilipo?

Nikapanda ngazi. Hazikuwapo.
Nikazitoa upya, mashine ikatafuna mbili,
nikaipiga ubavuni, ikatema.
Jina langu lilikuwa la kumi na saba.
Nililiona likitoka, bado lina joto,
na mbele yake kistari kitupu cha sahihi.
Nikagonga mihuri, nikampa tarishi akimbie,
nikafunga ofisi, maana ofisi haiachwi wazi,
nikashuka.

Mlangoni alisimama Hizza Kaniki, msimamizi,
ambaye mwaka ule alileta fomu bila picha
nikamwambia, lete Jumatatu.
Saa ya ukutani: tatu na dakika thelathini na mbili.

*Mtahiniwa atakayechelewa zaidi ya dakika thelathini
hataruhusiwa kuingia.*
Kifungu cha kumi na tisa. Mkono wangu huu.

Hizza hakusema kitu. Alisogeza mguu,
mlango ukabaki wazi kiasi cha bega.

Ningependa kusema niliwaza uadilifu.
Nilimuwaza yule kijana wa Pongwe, mwaka juzi,
aliyefika dakika ya thelathini na nne,
mnyororo wa baiskeli mkononi, grisi hadi kwenye kiwiko,
nami nikamsomea kifungu
kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya sukari.
Hakubisha. Aliniomba kitambaa tu,
ajifute.

Nikauvuta mlango, nikaufunga kwa nje.

Jumatatu nikajaza ombi la mtihani maalumu.
*Sababu ya kutohudhuria:*
nilikuwa natafuta karatasi ya mahudhurio.
Nikatia sahihi penye *Mwombaji*.
Nikageuza fomu ielekee upande wangu wa meza
nikatia sahihi penye *Mpokeaji*.
Mwandiko ule ule, ila wa pili umenyooka zaidi.

Halafu nikafungua rasimu ya mwaka ujao,
na pembeni mwa kumi na tisa, kwa penseli,
nikaandika: *aulizwe kwanza.*
Kikao ni Alhamisi.
Mimi huwa siongei kikaoni, naandika muhtasari.
Safari hii nimewaagizia chai mapema,
na swali lile la "mara moja"
nimeliweka juu ya ajenda.