Springi kutoka Boskovice

Zdeňka hakudai faini ya ucheleweshaji.
Alipanda treni ya saa kumi na moja alfajiri,
theluji haijakanyagwa,
hadi kwa Bořivoj, mfua springi,
tanuri lake limepasuka.
Akauliza, "Umepungukiwa nini?"
Akalipa kabla ya tarehe.

Ofisini Brno wakacheka:
mteja ni mfalme,
tangu lini mfalme akapiga hodi kwa mhunzi?

Kisha chuma kikaadimika.
Viwanda jirani vikazima taa.
Sisi tufungao lifti tulikaa tukihesabu vidole
mpaka lori lilipoingia,
Bořivoj mwenyewe kwenye usukani,
masizi hadi viwikoni.

Ripoti ya mwaka imeandika: faida, asilimia tisa.
Haijaandika treni,
wala supu ya kabichi waliyokunywa wima
kando ya tanuri lililopoa.