Uzi Wenye Mafundo Matatu

Fundi Musonda hakuniuliza nina shilingi ngapi.
Alinisimamisha ukutani, kule Katuba,
nyuma ya kibanda kinachonuka chuma kilichoungua,
akatoa uzi wa kushonea magunia, akanipima.
Kisigino hadi kinena: fundo.
Bega hadi ngumi: fundo.
La tatu alilifunga akiguna tu, hakueleza.

Sikuwahi kupimwa, mimi.
Sare ya shule nilirithi kwa kaka, viatu kwa marehemu mjomba,
na hii kinga
(kwetu baiskeli ni kinga, wanaocheka na wacheke)
niliinunua soko la Kenya ikiwa imeshavunjika mara moja.
Ikaungwa. Ikavunjika tena palepale,
kama mtu mwenye neno moja tu la kugombania.

"Dola mia na arobaini, kadre peke yake.
Bomba la zamani, si haya ya leo, ukiyakoholea yanapinda.
Magurudumu juu yako. Breki juu yako."
Breki!
Breki zangu ni hivi visigino, fundi.

Njiani nikapiga hesabu.
Magunia matano ya makala, barabara ya Kasenga,
siku mbili za kusukuma;
mwenye tanuri apewe, wa kizuizini apewe,
na yule asiye na kizuizi ila ana kofia, naye apewe.
Kinachobaki kinaenea kwenye kiganja kimoja,
na kiganja chenyewe hakifumbiki kwa malengelenge.
Mia na arobaini ni safari ngapi?
Nilifika ishirini na mbili nikaacha,
maana sikuwa nimehesabu mvua, wala homa za Kaseba.

Tena kuna jambo ambalo fundi hakulijua,
au alilijua, na ndiko kuguna kule:
mbeba makala hapandi.
Husukuma. Fimbo moja kwenye usukani,
nyingine nyuma ya tandiko, bega limeegemea,
mwili umeinama kama anayeiambia kinga siri.
Sasa mguu wangu unapimiwa nini?
Angelipima gunia.
Angekwenda na uzi wake akakipime kile kilima cha kabla ya kizuizi.

Kinga na kinga ndipo moto uwakapo, walisema,
wakimaanisha vijinga vya jikoni.
Mimi husikia sisi:
mstari wa alfajiri, weusi, kimya, tukiingia Lubumbashi
na moto wa wengine mgongoni.

Lakini kurudi.
Kurudi hakuna gunia.
Kuna kamba zilizolegea, chumvi, sabuni, mimi.
Saa tano za kupanda, upepo kwenye shati,
na magoti yanagonga usukani tangu mwanzo hadi mwisho
kwa kuwa fremu hii ilikatiwa mtu mfupi wa nchi nisiyoijua.
Katika wiki nzima ni hizo saa tano tu ambazo sisukumi kitu.
Je, mtu hununua magoti yasiyogonga
kwa dola mia na arobaini?

Mwelwa, jirani, anasema ni wazimu.
"Nunua mbili za Kihindi. Ikifa moja, unashika nyingine."
Ana haki. Hii aliyo nayo ni ya nne.

Ngosa hakusema ndiyo, hakusema hapana.
Aliuchukua uzi mfukoni mwangu,
akaunyoosha karibu na taa,
akayapitia mafundo kwa kidole gumba
kama anayetafuta mawe kwenye mchele.
La kwanza mguu, nikamwambia. La pili mkono.
"Na hili?"
Sijui.

Akasimama. Akauweka uzi kwenye nyonga yake yeye,
akauachia uning'inie, akauangalia unapoishia.

"Kamuulize," akasema,
"kama nyuma anaweza kuchomea kiti."