Mwiko Mbele ya Mdomo

Usiku wa kuamkia redio
Wakesho alishika mwiko, ugali ungali ukingoni,
akanisogezea mdomoni: "Haya, mwandishi, tuko hewani."
Hapa hapa Umoja, maji yamekatika tangu Jumanne,
nami nimevaa koti nililostaafia.

Nilikuwa nimekariri. Jerotich wa kampuni ya uchapishaji
alinipa karatasi: taja jina la kitabu mara tatu,
taja bei, taja duka la Barabara ya Moi.
Ukiulizwa usilolijua, tabasamu.
Redioni? nikauliza.
"Tabasamu husikika, Mzee."
Na wakitaka kumjua waziri wa kitabuni,
sema ni wa kubuni,
hata kama kikohozi chake mji mzima unakijua.

Wakesho hakuuliza waziri.
"Yule mama wa sura ya nne,
anayekuja dirishani kila Jumatano
kuulizia faili la kiwanja chake,
mbona hana jina?
Karani analo. Mlinzi analo.
Hata paka wa ghala la mafaili umempa."
Nikasema ni mbinu.
Akaurudisha mwiko sufuriani.
"Mbinu," alisema, amenipa mgongo.

Asubuhi, ghorofa ya tisa, Kilimani, lifti imegoma.
Mtangazaji Omwoyo, kijana, sauti yake nzito kuliko mwili.
Kitabu changu kilikuwa chini ya kikombe chake,
duara la chai limekaa juu ya jina langu.
Sikuudhika. Miaka thelathini na mmoja Ardhi
nimeona hati za watu zikiwekewa vikombe.

"Karibu, Mwalimu!"
Mwadime, nikasema.
"Mwalimu Mwadime, kwa kifupi tu, kinahusu nini?"
Kwa kifupi! Miaka kumi na mmoja
nikiandika nyuma ya fomu zilizoharibika.
Taa nyekundu ikanitazama kama mkubwa wa idara.
Nikasema: kinahusu faili lililopotea.
"Mapenzi yamo?"
Kidogo. Baina ya karani na muhuri wake.
Akacheka cheko la kweli, na hapo nikampenda.

Likaja tangazo la mabati,
zikaja habari za Barabara ya Jogoo, lori limelala,
likaja la waziri, nikampa jibu la karatasini,
likatoka kavu kama stempu isiyorambwa.
Nyuma ya kioo Jerotich aliinua vidole viwili:
mara mbili tu umelitaja.

"Sekunde thelathini, Mwalimu. Neno la mwisho."

Bei ilikuwa ulimini. Duka lilikuwa ulimini.
Lakini maikrofoni ile, sijui kwa nini,
ilininukia ugali.
Mama wa sura ya nne, nikasema,
anaitwa Syokau wa Nthenge.
Kiwanja kilikuwa Ruai.
Alikuja na chupa ya uji, akanibakishia.
Anayemwambia arudi Jumatano ijayo
ni mimi.

Kimya. Redioni sekunde tatu ni matanga.
Omwoyo akaondoa kikombe juu ya kitabu,
akafuta duara kwa mkono wa shati,
halikufutika.
Kisha mabati tena.

Ngazini Jerotich hakunisemesha mpaka ghorofa ya pili.
"Hukutaja bei."
Sikutaja.
"Wala duka."
Wala duka.
Akashuka mbele yangu, viatu vikigonga
kama mtu anayepiga mihuri kwa hasira.

Nilifika nyumbani saa saba, maji yamerudi,
Wakesho anajaza madumu.
"Nimekusikia kwa mama wa kibanda."
Ukasemaje?
"Nikasema huyo ni mume wangu.
Halafu nikasema si mwalimu."
Akafunga mfereji, akafuta mikono kwenye leso.
"Uji wenyewe ulikuwa wa mtama?"
Wa wimbi.
"Sasa hilo," akasema, "ungelisema."